Faili la Mtoto: Kumbukumbu za Utetezi wa Elimu Maalumu Kati ya Malindi na Kilifi

Utetezi wa elimu maalumu, yaani juhudi za kuhakikisha kwamba mtoto ambaye akili yake hukua au hujifunza kwa njia tofauti na ya wenzake anapata nafasi, mwalimu na mbinu zinazomfaa, umezoea kuelezwa kama mapambano dhidi ya ujinga wa jamii. Husemwa kwamba wazazi huwaficha watoto ndani, kwamba majirani hushika imani za uchawi, na kwamba elimu ikishasambazwa vijijini mambo yatanyooka yenyewe. Uzoefu wa miaka mingi katika ukanda wa Malindi na Kilifi unaonyesha kwamba maelezo hayo ni sehemu tu ya ukweli, na pengine si sehemu iliyo kubwa. Pwani hii haikukosa ujuzi wa watoto hawa. Kilichokosekana ni mtu au ofisi ya kuutoa ujuzi huo mahali ulipo na kuufikisha darasani, na kazi hiyo, bila ya yeyote kuipanga iwe hivyo, iliwaangukia akina mama.

Mji wa Kilifi, ulio kilomita 60 hivi kusini mwa Malindi, umekuwa tangu mwaka 1989 makao ya mpango wa utafiti unaoendeshwa na Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, kwa ushirikiano na wakfu wa Wellcome Trust wa Uingereza, na ijapokuwa mpango huo umejulikana zaidi kwa malaria, ni malaria hiyohiyo iliyowafikisha watafiti kwenye ubongo wa mtoto. Malaria kali inapopanda kichwani, mtoto hupoteza fahamu na kushikwa na degedege, na kwa muda mrefu hospitali zilipima mafanikio yake kwa idadi ya watoto waliotoka wodini wakiwa hai. Charles Newton, daktari wa maradhi ya ubongo na neva za watoto aliyefanya kazi Kilifi kwa miongo kadhaa, na wenzake, walitaka kujua zaidi: watoto hao waliopona walikuwa wamerudi nyumbani na nini? Julie Carter na watafiti wenziwe walipowapima watoto waliowahi kulazwa kwa malaria ya ubongo, au kwa malaria iliyoandamana na degedege kali, walikuta kwamba takriban mmoja katika kila wanne alikuwa na upungufu wa namna fulani, uwe wa lugha, wa kumbukumbu, wa mwendo au wa mwenendo, ilhali miongoni mwa watoto wa maeneo hayohayo ambao hawakuugua hivyo alikuwa mmoja katika kila kumi.

Utafiti mwingine, ulioongozwa na Victor Mung'ala-Odera na kuchapishwa mwaka 2006, ulitoka hospitalini ukaenda nyumba kwa nyumba, ukawaangalia watoto zaidi ya 10,000 wa umri wa miaka 6 hadi 9 katika vijiji vya Kilifi, na ukakadiria kwamba watoto 61 katika kila 1,000 walikuwa na kasoro ya mfumo wa fahamu ya kiwango cha kati au kikubwa, jina linalojumuisha kifafa, ulemavu wa akili, na matatizo ya kusikia, kuona na mwendo. Hesabu hiyo ikipelekwa kwenye shule ya msingi yenye watoto 500, na tuseme kila mtoto wa kijiji ameandikishwa, inatoa watoto 30 hivi. Hapo bado hawajahesabiwa wale ambao hawana kasoro ya kuonekana hospitalini lakini hawawezi kusoma. Ni jambo la kustaajabisha, na mwandishi wa kumbukumbu hizi, aliyeingia katika kazi hii kama mzazi kwanza na baadaye kama msindikizaji wa wazazi wengine, hakuacha kustaajabu, kwamba takwimu hizo zilijulikana katika majarida ya kitaaluma ya dunia kabla ya kufika kwenye chumba cha walimu kilicho mwendo mfupi wa bodaboda kutoka hapo zilipokusanywa.

Chombo kilichotumika katika uchunguzi huo wa mwanzo kinastahili kuelezwa, kwa sababu kinafundisha jambo kuhusu nani anayemjua mtoto. Ni orodha ya maswali kumi ambayo huulizwa mama au mlezi, wala haihitaji mashine. Je, mtoto alichelewa kukaa, kusimama au kutembea akilinganishwa na watoto wengine? Je, anaona vizuri, mchana na usiku? Je, anasikia vizuri? Akiambiwa kitu, anaonekana kuelewa? Je, ana udhaifu wa mikono au miguu? Huwa anaanguka kifafa, kukakamaa au kupoteza fahamu? Anajifunza mambo kama watoto wa rika lake? Anazungumza? Maneno yake yanaeleweka na watu wasiokuwa wa nyumbani? Na la mwisho, ukimlinganisha na wenzake, anaonekana kwa namna yoyote kuwa mzito wa akili? Mama wa Kakuyuni au wa Marafa, ambaye huenda hajapata kushika kalamu, huyajibu maswali hayo akiwa ameketi juu ya mkeka huku akimenya muhogo, na mara nyingi hutoa jibu kabla swali halijaisha, kwa kuwa amekuwa akijiuliza yeye mwenyewe tangu mtoto alipokuwa wa kubebwa. Ujuzi wa kwanza, basi, ulikuwa nyumbani, na wataalamu waliufuata huko.

Wataalamu hao waligundua pia kwamba vipimo vya kuletwa kutoka nje havikutosha. Mtoto anapoonyeshwa picha ya kifaa ambacho hajapata kukiona maishani, akanyamaza, kunyamaza kwake hakusemi lolote kuhusu akili yake. Ndiyo sababu Amina Abubakar, Penny Holding na wenzao walitengeneza kipimo cha ukuaji kinachobeba jina la Kilifi, kwa ajili ya watoto wa miezi 6 hadi 35, kinachoangalia jinsi mtoto anavyotumia mwili mzima na jinsi jicho na mkono vinavyoshirikiana, kwa vifaa na michezo isiyomtisha mtoto wa kijijini. Kwa mtetezi wa elimu, hilo ni somo lenye matumizi ya kila siku: kabla ya kuikubali karatasi inayosema kwamba mtoto hawezi, ni lazima iulizwe aliulizwa nini, kwa lugha gani, na nani.

Kuhusu imani, pana haja ya kusema kwa uangalifu. Joseph Gona na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, waliwauliza wazazi na wataalamu wa Pwani ya Kenya juu ya vyanzo vya usonji, yaani ile hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na mahusiano ya mtoto na watu, na kumfanya ashikamane na taratibu zisizobadilika, na majibu yakataja mashetani, uchawi na laana, lakini pia maradhi, matatizo ya wakati wa kuzaliwa na urithi wa damu. Mtu wa mbali akisoma matokeo hayo huona makundi mawili ya watu, washirikina na wasomi, yanayovutana. Anayeishi Malindi anajua kwamba mara nyingi ni mtu mmoja. Mama yuleyule humpeleka mtoto kwa mganga siku ya Jumapili na hospitali siku ya Jumatatu, tena bila kuona kinyume chochote, kwa maana mmoja anamuuliza kwa nini na mwingine anamuuliza vipi. Kikwazo kikubwa zaidi, kwa maoni ya mwandishi, kimekuwa lawama inayofuata jibu lolote litakalotolewa. Ikiwa ni laana, aliyelaaniwa ni ukoo wa mama. Ikiwa ni uzazi mgumu, mama alichelewa kwenda hospitali. Ikiwa ni urithi, basi damu mbaya ilitoka kwao. Mtetezi anayefika nyumbani na hotuba ya kupinga uchawi, asijue kwamba sayansi pia inaweza kutumiwa kumfukuza mwanamke katika ndoa yake, huondoka ameacha madhara.

Upande wa serikali na makanisa, elimu maalumu nchini Kenya ilianza na ulemavu unaoonekana kwa macho. Shule ya wasioona ya Thika ilifunguliwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Shule za viziwi za Nyang'oma na Mumias zilifuata mwaka 1961. Mombasa ikawa na shule ya Port Reitz kwa wenye ulemavu wa viungo, na Kilifi ikapata shule ya viziwi ya Kibarani. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, vilianzishwa vituo vya tathmini na nyenzo za elimu, ambavyo walimu huviita kwa kifupi EARC, na mwaka 1986 ikaundwa Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, ili kuwafunza walimu. Mpangilio huo una mantiki yake, kwa kuwa asiyeona anajulikana kuwa haoni. Lakini ulimwacha nyuma mtoto ambaye macho yake ni mazima, miguu yake ni mizima, anacheza mpira Shela au Maweni pamoja na wenzake, kisha akifika darasani huonekana kama mtundu au mvivu.

Mfano wa mtoto wa namna hiyo unaweza kuelezwa bila ya kumtaja. Alikuwa mvulana wa mtaa mmoja wa Malindi ambaye jioni alimsaidia mama yake kuuza viazi vya karai na kachiri, na aliyeweza kupokea noti ya shilingi 200, kutoa chenji ya wateja watatu kwa mpigo, na kukumbuka nani ana deni la tangu juzi. Darasani alisoma neno baba kama dada, na dada kama baba, na alipoambiwa anakili sentensi kutoka ubaoni alichora herufi moja moja kama mtu anayechora ramani, hata ubao ukafutwa yeye akiwa kwenye neno la pili. Alikuwa na disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kuunganisha herufi na sauti ambao hautokani na upungufu wa akili, wala macho, wala mafunzo duni. Hakuna aliyelijua jina hilo. Daftari lake lilijaa wekundu, na kila mwisho wa muhula alirudi nyumbani na ushauri uleule wa kurudia darasa.

Kilichombainisha mtoto huyo kilitoka chuoni. Maalim wake wa madrasa alikuwa amegundua kwamba mvulana hakuweza kufuata mistari ya juzuu kwa kidole, lakini kile alichosomewa mara chache tu alikihifadhi kwa matamshi yaliyonyooka, na hivyo akaacha kumlazimisha kusoma akamsomesha kwa sikio. Maalim hakuwa na cheti cha elimu maalumu. Alikuwa amefanya, hata hivyo, kile ambacho walimu wa elimu maalumu hufundishwa kufanya, yaani kutenganisha uwezo wa kujifunza na njia ya kujifunza, na ushahidi wake ndio uliomfanya mtathmini abadilishe mawazo. Ni ajabu kwamba katika fomu nyingi za tathmini zilizojazwa katika miji hii ya Waislamu hakuna mahali palipoachwa pa maalim kusema neno, ingawa yeye hukaa na mtoto kila siku na humsikia akisoma peke yake, jambo ambalo mwalimu mwenye darasa lililofurika hawezi kulifanya.

Lugha nayo ilichangia kuuficha ugumu wa mtoto huyo. Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, na kwa sababu hiyo mwenye disleksia anayesoma Kiswahili huweza, kwa kujikaza, kuzipata silabi zote huku akichelewa mno, na mwalimu akamhesabu kuwa mzembe tu. Sera ya lugha ya Kenya inataka lugha ya mazingira ya shule itumike katika madarasa matatu ya mwanzo na Kiingereza kishike nafasi kuanzia darasa la nne. Hapo ndipo mtoto aliyekuwa akijikokota huanguka kabisa, kwa kuwa tahajia ya Kiingereza haimwachii hata ile kamba ya silabi aliyokuwa ameishikilia. Wazazi wengi wa Malindi husimulia kwamba mtoto wao aliharibika alipofika darasa la nne. Hakuharibika, ila ugumu wake ulipoteza maficho. Kwa mtoto wa Ganze au Magarini anayesema Kigiriama nyumbani na kukutana na Kiswahili na Kiingereza pamoja shuleni, kazi ya kutofautisha kati ya mgeni wa lugha na mwenye tatizo la kujifunza ni ngumu zaidi, na mtathmini asiyekijua Kigiriama hana namna ya kuifanya peke yake.

Baada ya tathmini, mzazi hupewa barua. Barua hiyo hueleza hali ya mtoto na kupendekeza mahali pa kusoma, na kwa kawaida hupokewa kwa furaha, kana kwamba safari imekwisha. Ni hapo ndipo uzoefu wa Malindi ulipowafundisha wazazi jambo ambalo hakuna mwongozo uliowaambia, kwamba barua haisafiri yenyewe na kwamba ofisi iliyoitoa haina mkono katika ofisi itakayoipokea. Hospitali iko chini ya kaunti. Kituo cha tathmini na shule ya msingi viko chini ya wizara ya elimu ya taifa. Kadi ya usajili wa ulemavu hutolewa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo hutaka ripoti ya daktari. Na ruzuku ya shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba zenye watu wenye ulemavu mkubwa hupitia mpango wa Inua Jamii, wenye orodha zake na maofisa wake. Kila ofisi humuuliza mama habari zilezile tangu mwanzo. Mama mwenye mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani jeraha la ubongo linaloathiri mwendo na misuli bila ya lazima kuathiri akili, humbeba mtoto mgongoni akiwa na umri wa miaka saba au minane, hupanda matatu kutoka Gongoni, hupanga foleni, huambiwa arudi wiki ijayo na nakala, na nauli ya wiki ijayo ni ya unga.

Katika shule moja ya umma ya ukanda huo, mwalimu mkuu aliisoma barua ya tathmini mbele ya mama, akaikunja vizuri, akasema, "Mama, mtoto wako tunampenda, lakini hapa hatuna mwalimu wake." Hakuwa mkali. Maneno ya namna hiyo, yakisemwa kwa upole, yamewarudisha nyumbani watoto wengi kuliko ukali wowote. Mama alishukuru, akatoka. Ilichukua muda kwa kikundi cha wazazi kutambua kwamba kukataliwa huko kulikuwa na jina katika sheria.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilikataza taasisi ya elimu kumnyima mtu nafasi kwa sababu ya ulemavu wake pekee, lakini ikaongeza sharti kwamba awe na uwezo wa kupata mafunzo ya kutosha katika kozi husika. Mkia huo wa sentensi ulikuwa mlango wa kutokea kwa kila asiyetaka kumpokea mtoto mwenye ulemavu wa akili, kwa kuwa aliyepewa mamlaka ya kupima uwezo huo ni yuleyule aliyetaka kukataa. Katiba ya mwaka 2010 iliupunguza upana wa mlango huo: kifungu cha 53 kikampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kifungu cha 54 kikampa mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu zilizounganishwa na jamii kwa kadiri inavyopatana na maslahi yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza shule kumbagua mtoto anayeomba nafasi, na mwaka 2025 sheria mpya ya watu wenye ulemavu ikachukua nafasi ya ile ya 2003. Wazazi wa Malindi hawakuhitaji kuzijua sheria zote hizo. Walichohitaji ni kujua kwamba jibu la mwalimu mkuu liombwe kwa maandishi. Mzazi anayesema kwa adabu, "Mwalimu, naomba uniandikie hayo maneno, nikaonyeshe ofisini," amesema jambo dogo, lakini ni wakuu wachache sana wa shule waliokubali kuliandika, na wengi wao walipofikia hapo walianza kutafuta dawati.

Nguvu ya kusema hivyo haikutoka kwa mzazi mmoja. Vikundi vya kujisaidia vya walezi wa watoto wenye ulemavu, ambavyo Gona, Karen Bunning, Sally Hartley na Newton walivianzisha na kuvifuatilia katika Kilifi na kuandika matokeo yake mwaka 2020, vilionyesha kwamba mlezi anayekutana na wenzake mara kwa mara hubadilika katika hali yake ya moyo, katika kipato chake, na katika namna anavyopokewa na majirani. Aliyezoea vyama vya akina mama wa Pwani hashangai. Chama huanza na mchango wa kila mkutano na kuku wa kufuga, kisha mtu mmoja anaeleza kwamba dawa za kifafa zilimwishia, mwingine anasema zahanati ipi imezipokea, na kabla ya chai kuisha limepatikana jambo ambalo kampeni ya miezi isingelipata. Hasara yake ni kwamba chama huchosha. Wenye watoto wa ulemavu mzito huhitaji mtu wa kubaki nyumbani ili waje kikaoni, na mara nyingi hao ndio huacha kuja.

Ndani ya vikundi hivyo palikuwa na mabishano ya kweli, na si haki kuyafunika. Baadhi ya wazazi walitaka shule maalumu ya bweni, wakisema kwamba darasa la kawaida ni mahali pa mtoto kupigwa na kudhihakiwa. Wengine walitaka elimu jumuishi, yaani utaratibu wa watoto wote kusoma pamoja shule ikijibadilisha kuwafuata, ambao ulipewa uzito duniani na tamko la Salamanca la mwaka 1994 na kuingizwa katika sera ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu. Katikati yao palikuwa na yuniti, lile darasa la pekee ndani ya shule ya kawaida. Yuniti imewaokoa watoto wengi Pwani, hilo halina ubishi. Lakini mara nyingi ni chumba kimoja kilicho nyuma ya vyoo, chenye mtoto wa miaka sita mwenye usonji, kijana wa miaka kumi na sita mwenye sindromu ya Down, na msichana mwenye kifafa ambaye akili yake haina kasoro yoyote na ambaye aliletwa hapo kwa sababu wenzake waliogopa anapoanguka. Wote wana mwalimu mmoja, na mwalimu huyo akiitwa kwenye semina chumba hufungwa. Maoni ya mwandishi, baada ya kuviona vyumba vya namna hiyo, ni kwamba swali la yuniti au darasa la kawaida limepewa heshima kubwa mno, kwa vile linaruhusu watu kubishana juu ya mahali badala ya kuuliza mtoto anafundishwa nini hapo alipo, na nani ameandika kwamba ataweza kufanya nini ifikapo mwisho wa muhula.

Karatasi inayojibu swali hilo huitwa mpango binafsi wa masomo, yaani maandishi mafupi ya malengo ya mtoto mmoja, mbinu zitakazotumika, na wakati wa kuyapima. Mahali ilipotumika, ilitumika kwa sababu mzazi aliomba mambo madogo yanayotekelezeka. Maombi ya aina ya "mwalimu amsaidie zaidi" hayakuzaa kitu, kwa kuwa mwalimu mwenye watoto wengi hana hiyo zaidi ya kumpa. Maombi kwamba mvulana wa viazi asinakili ubaoni bali apewe daftari la mwenzake, kwamba asomewe maswali kwa sauti, na kwamba majibu yake ya hesabu yasikosolewe kwa sababu ya tahajia, yalikubaliwa siku hiyohiyo, kwani hayakugharimu chochote. Kwa mitihani ya taifa, Baraza la Mitihani la Kenya hutoa muda wa ziada na mitihani iliyorekebishwa kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, lakini ni lazima shule iombe mapema na kuambatisha ushahidi wa tathmini, na mzazi asiyekuwa na barua yake mkononi hujikuta amechelewa.

Mtihani wenyewe ulikuwa sehemu ya tatizo. Tangu elimu ya msingi ya bure ilipoanza mwaka 2003, serikali ikitoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, milango ilifunguka na watoto wengi wenye ulemavu waliingia kwa mara ya kwanza; lakini sifa ya shule iliendelea kupimwa kwa wastani wa alama za mtihani wa mwisho, KCPE, na mtoto aliyeonekana kwamba atauvuta wastani chini alishawishiwa kurudia darasa au kuhama. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtaala mpya wa umilisi umeweka njia mbili, moja inayofuata umri na nyingine inayofuata hatua, ambapo mwanafunzi asiyeweza kwenda na mtaala wa kawaida hupanda kwa kadiri ya uwezo wake hadi mafunzo ya ufundi, na kupimwa kwa tathmini yake mwenyewe. Ni hatua ya mbele. Hata hivyo wazazi wa Malindi waliupokea mpango huo kwa swali la mtu aliyewahi kuumwa: nani atakayeamua mtoto aende njia ipi, na akikosea, je, iko njia ya kurudi?

Kwa sasa madai yao yamehamia mahali pengine, kwenye mwaka wa kwanza wa shule. Kwa mujibu wa Katiba, elimu ya chekechea ni kazi ya kaunti, na ya msingi ni ya serikali ya taifa, kwa hiyo mtoto ambaye mwalimu wake wa chekechea pale Ganda au Mambrui amejifunza kwa taabu jinsi ya kumtuliza, kumlisha na kumfundisha, huvuka uwanja mmoja tu kuingia darasa la kwanza na kuwa mgeni kabisa, kwa sababu yote aliyojua mwalimu huyo hayakuandikwa popote. Kikundi kimoja cha wazazi kimetengeneza karatasi ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ambayo mwalimu wa chekechea huijaza pamoja na mama mwezi wa mwisho wa mwaka na kumkabidhi mwalimu anayempokea mtoto: lugha inayosemwa nyumbani, dawa anayotumia na saa zake, kinachomwogopesha, anachoweza kufanya bila kusaidiwa, na nani humchukua mchana. Imeachwa nafasi ya maalim pia. Walimu wa darasa la kwanza waliokwisha kuipokea wameomba iongezwe mstari mmoja tu, wa jinsi mtoto anavyoonyesha kwamba anataka kwenda chooni.